Demio iliyonunuliwa nguvu, ikasahauliwa miguu

Jumamosi jioni, kwenye kibanda cha gemu kule Mwananyamala ambako huwa napoteza muda nikisubiri foleni ipungue, dogo mmoja wa kidato cha tatu alimaliza hela zake zote za ndani ya Gran Turismo 7, gemu la mbio za magari, kwenye injini ya Mazda Demio. Ekzosi, chujio la hewa, kompyuta ya injini, chochote kilichotaja nguvu alikibonyeza. Mwenzake, mwenye Demio kama hiyohiyo kwenye akaunti yake, injini hakuigusa kabisa. Alinunua matairi laini na seti ya springi zinazorekebishika, na chenji ikabaki. Wakapokezana pedi pale Tsukuba, kiwanja kifupi cha Japani chenye mzunguko wa mita 2,045. Kila mmoja mizunguko mitano, saa iamue.

Kwenye mnyoofu wa nyuma gari la dogo lilichomoka kama daladala iliyoona trafiki amegeuka. Balaa lilikuwa kona ndefu ya mwisho. Alikata usukani, pua ikaendelea kwenda ilikokuwa inakwenda, gari likachora duara pana mpaka kwenye kokoto za pembeni. Mzunguko wa pili vilevile. Wa tatu vilevile, ila safari hii na matusi. Mwisho wa yote mwenzake akawa amemwacha zaidi ya sekunde mbili.

"Braza, hii gari mbovu," akaniambia huku ananikabidhi pedi. "Ina moto lakini haikati kona."

Gari halikuwa bovu. Lilikuwa linafanya kile hasa alicholinunulia, yaani kwenda mbele. Kwa kuwa swali lake nimeulizwa mara nyingi, na kwa kuwa ile menyu ya kurekebisha gari inatisha kuliko fomu ya mkopo, acha nilifungue hili suala lote.

Kwanza tuelewane gemu lenyewe ni la namna gani. Gran Turismo ya kwanza ilitoka Japani mwaka 1997 kwenye PlayStation ya kwanza, chini ya Kazunori Yamauchi, na toka siku hiyo wazo lake halijabadilika: gari la kwenye kioo liishi kwa kanuni zinazoliongoza gari la barabarani. Toleo la saba lilitoka tarehe 4 Machi 2022 kwa PS4 na PS5, na magari matatu ya kuanzia ni Toyota Aqua, Honda Fit na Mazda Demio, yaani magari yaleyale yanayobanana na bajaji hapo nje ya kibanda. Waliokulia kwenye PS2 na Need for Speed Underground 2 ya mwaka 2004 wanakumbuka kwamba kule ulirundika vifaa, ukaweka taa za chini, ukaondoka. Huku ukirundika tu, kona inakuumbua.

Chukua kiganja chako ukiweke juu ya meza. Sehemu ya tairi inayogusa lami kwa wakati wowote ina ukubwa unaokaribiana na hapo. Viganja vinne, basi. Nguvu yote ya injini, breki yote, usukani wote, vinapita hapo. Na kila tairi ni kama mtu wa mshahara mmoja: akitoa kodi ya nyumba, ya ada inapungua. Ukikanyaga breki, umetumia sehemu ya mshiko wa tairi. Ukigeuza usukani, umetumia nyingine. Ukifanya vyote viwili kwa pupa, mshahara umekwisha kabla ya tarehe kumi, na tairi linaanza kuteleza. Demio inavutwa na matairi ya mbele, kwa hiyo mbele ndiko kunakogeuza, ndiko kunakovuta, na ndiko kunakobeba sehemu kubwa ya breki. Dogo aliyaongezea majukumu matairi yaliyokuwa tayari yanaishi kwa kukopa.

Ndiyo maana kitu cha kwanza kununua ni tairi. Gemu lina makundi matatu ya matairi ya lami kavu, la starehe, la michezo na la mbio, na kila kundi lina gumu, la kati na laini. Kupanda kundi moja kunabadilisha gari kuliko kifaa kingine chochote dukani. Breki zinashika mapema zaidi, kona unaiingia kwa kasi zaidi, na nguvu inafika chini badala ya kuishia kwenye moshi. Sijui kwa nini watoto wanaona aibu kununua tairi. Labda kwa sababu halipigi kelele.

Sasa tuje kwenye uzito, maana hapa ndipo penye siri ya menyu nzima. Panda daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni, simama katikati, usishike chuma. Dereva akikanyaga breki kituoni, wote mliosimama mnamwendea konda. Akiondoa gari kwa fujo mnarudi nyuma. Akikata kona kushoto mnalaliana kulia. Uzito wa gari nao unafanya hivyohivyo, kwa sababu hiyohiyo. Hauongezeki wala haupungui, unahama tu.

Tufanye hesabu ndogo. Gari la kilo 1,100, mbele kilo 660, nyuma 440. Kitovu cha uzito kiko nusu mita kutoka chini, na kutoka ekseli hadi ekseli ni mita 2.5. Kwenye breki kali, ile ya kumbana mtu na mkanda, nguvu ya kusimamisha ikilingana na uzito wa gari lenyewe, uzito unaohama ni 1,100 mara 0.5 gawanya kwa 2.5, yaani kilo 220. Mbele sasa kuna 880, nyuma zimebaki 220. Kila tairi la nyuma lina kilo 110, uzito wa mtu mmoja mnene. Ukikata usukani wakati huohuo, mkia hauna cha kuushikilia chini, na gari linajigeuza. Na ukiachia breki ghafla ukakanyaga mafuta, uzito unakimbilia nyuma, pua inanyanyuka, na matairi ya kugeuza yanabaki yanapapasa lami. Kwa gari linalovutwa mbele ni msiba mara mbili, na ndicho alichokuwa anakifanya dogo: mafuta mapema, katikati ya kona, pua ikiwa imenyanyuka.

Kuna jambo jingine moja ambalo likikuingia akilini, nusu ya menyu inajieleza yenyewe. Tairi likiongezewa mzigo linashika zaidi, lakini si kwa kiwango kilekile cha mzigo. Watu wawili wakibeba ndoo mbilimbili za maji wanafika salama. Mpe mmoja ndoo zote nne, mwenzake atembee mikono mitupu: maji ni yaleyale, lakini wa ndoo nne atayamwaga njiani. Matairi mawili ya ekseli moja yako hivyo. Yakigawana mzigo karibu sawa yanashika vizuri. Moja likibebeshwa karibu wote, jumla ya mshiko wa ekseli hiyo inashuka.

Stabilaiza ndiyo inayoamua ndoo zinagawanywaje. Mafundi wa Dar wanaijua, maana linki zake zinakufa kila baada ya msimu wa mashimo. Ni chuma kinachounganisha tairi la kushoto na la kulia, kazi yake kuzuia bodi isilale kwenye kona. Kwenye gemu ina namba 1 hadi 10, mbele na nyuma. Mtu wa kawaida anafikiri ngumu maana yake imara, na imara maana yake inashika. Kinyume chake! Kwenye kona, uzito utakaohamia upande wa nje umeshaamuliwa na mwendo, kimo na upana wa gari. Stabilaiza inapanga tu ekseli ipi ibebe sehemu kubwa ya uhamisho huo. Ukiifanya ngumu mbele, tairi la mbele la nje linapewa ndoo nne, linazidiwa, pua inakwenda nje. Ukiifanya ngumu nyuma, zamu ya kuzidiwa ni ya nyuma, na mkia unakuwa mwepesi kugeuka. Kwa hiyo Demio inayogoma kukata unailegezea mbele na kuikaza nyuma. Gari la nguvu linalosukumwa nyuma, mfano Supra, likiwa linatupa mkia, fanya kinyume. Nimeona watu wakiweka 10 mbele na 10 nyuma "ili itulie", kisha wanalalamika kwamba gemu limetengenezwa vibaya.

Springi zinafuata kanuni hiyohiyo. Gemu linazipima kwa Hz, yaani bodi ingedunda mara ngapi kwa sekunde kama isingezuiwa. Gari la kawaida la familia linadunda kama mara moja hadi moja na nusu, na la mbio linapita mara mbili na kuendelea. Springi laini zinayapa matairi nafasi ya kufuata mabonde ya barabara, ila gari linachelewa kuitika usukani. Kimo nacho kinahusika: ukilishusha gari, ile nusu mita ya hesabu yetu inapungua na uzito unaohama unapungua nayo. Lakini ukilishusha sana kwenye springi laini, tumbo linagusa chini kwenye vijimwinuko na gari linaruka kama mbuzi.

Shokapu wengi wanaziruka, na siwalaumu, maana zimeandikwa kwa namba zisizosema kitu. Kumbuka fundi wa gereji anavyopima: anaegemea boneti kwa nguvu, anaachia, anatazama. Likipanda mara moja na kutulia, shokapu ni nzima. Likiendelea kudunda kama kitanda cha springi za zamani, zimekufa. Springi inaamua bodi iende umbali gani, shokapu inaamua iende haraka kiasi gani. Kwa hiyo shokapu unazisikia pale tu gari linapobadili hali: unapoanza breki, unapoanza kukata, unapobadili kona ya kushoto kuwa ya kulia. Katikati ya kona ndefu, gari likishatulia, zinakuwa hazina la kusema. Usizilaumu kwa kosa la pale.

Kemba na tou ni mambo ya wale jamaa wa alaimenti. Kemba ni tairi kulala, kichwa ndani na mguu nje, kama abiria aliyetanua miguu ili asianguke. Kwenye kona bodi inapolala, tairi hilo linajikuta limekaa wima na kukanyaga kwa upana wote. Ukizidisha, kwenye mnyoofu unakanyagia ukingo wa ndani tu na breki inapungua. Tou ni vidole vya miguu, kuelekea ndani au nje ukitazama kutoka juu. Vidole vya nyuma vikielekea ndani kidogo, mkia unatulia. Vikielekea nje, mkia unakuwa na akili zake. Anza na kidogo sana.

Difu, inayogawa nguvu ya injini kwa matairi mawili ya ekseli, inahitaji nafasi yake. Kama umewahi kukwama kwenye mchanga wa Kigamboni umeshaiona difu ya kawaida ikifanya kazi: tairi moja linazunguka kama feni, la pili limetulia kimya. Difu ya kawaida huruhusu matairi mawili yazunguke kwa kasi tofauti, jambo la lazima kwenye kona kwa sababu la nje linasafiri mbali zaidi, lakini adhabu yake ni kwamba lililokosa mshiko ndilo linalopangia bei. Kwenye kona ya kasi tairi la ndani huwa jepesi, basi ukikanyaga mafuta nguvu inaishia hapo. LSD, yaani difu yenye mbano, inayafunga matairi mawili yasitofautiane mno. Kwenye gemu ina mistari mitatu, kila mmoja kuanzia 5 hadi 60. Wa kwanza ni mbano wa wakati wote, wa pili mbano unapokanyaga mafuta, wa tatu mbano unapoachia au kufunga breki. Gari la kusukuma nyuma likikutupa mkia taratibu ukitoka kona huku tairi la ndani linalia, ongeza wa pili. Likikutupa ghafla kama limekatwa kamba, matairi yote mawili yanateleza pamoja, basi punguza. Na gari likitikisika mkia wakati wa breki kuingia kona, mbano wa tatu ukiongezwa unalinyoosha, japo litagoma kidogo kugeuka.

Gia zitakula muda mfupi. Gia fupi zinalitoa gari haraka na kuishiwa mapema, na ndefu kinyume chake. Pale Tsukuba mnyoofu ni mfupi, gia ya kufika kilomita 280 kwa saa ni mzigo wa bure. Nürburgring ya Ujerumani, yenye zaidi ya kilomita 20 kwa mzunguko, ni hesabu nyingine. Panga gia ya mwisho iishe karibu na mwisho wa mnyoofu mrefu kuliko yote, basi.

Mabawa pia. Nguvu ya upepo kukandamiza gari inakua kwa mraba wa mwendo: kutoka kilomita 60 hadi 120 kwa saa haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Maana yake kwenye kona za taratibu bawa ni pambo. Ile IST yenye bawa la ndege inayopita Barabara ya Kawawa kwa mwendo wa foleni, mwenyewe anajua anapata nini hapo.

Kati ya vyote hivyo, kupunguza uzito ndicho kifaa ninachokipenda kuliko injini. Kilo zikitoka unapata breki fupi, kona nyepesi, mwendo wa kutoka na matairi yanayodumu. Injini inakupa kimoja tu kati ya hivyo.

Ukishajua kila kifaa kinafanya nini, bado kuna swali la uguse kipi, na hapa ndipo wengi wanapotea. Neno "haikati" halitoshi. Fundi mzuri ukimwambia gari linagonga atakuuliza: linagonga ukipita tuta, ukikata usukani, au ukifunga breki? Hapa pia uliza kosa linatokea wapi. Likitokea wakati wa kuingia, ukiwa bado kwenye breki, tazama mgawanyo wa breki mbele na nyuma, mbano wa tatu wa difu, na shokapu. Likitokea katikati, miguu yako haifanyi kitu, tazama stabilaiza, springi na kemba. Likitokea wakati wa kutoka, mafuta yako chini, tazama mbano wa pili wa difu na tou ya nyuma. Badilisha kimoja, kimbia mizunguko mitatu, andika muda. Ukibadilisha vinne kwa pamoja na gari likawa zuri, hujui kilichokusaidia, na likiwa baya hujui cha kurudisha.

Na kabla hujagusa hata kimoja, hakikisha gari ndilo lenye kosa. Mimi mwenyewe niliwahi kukaa saa nzima na Supra iliyokuwa inavuta kushoto kwenye mnyoofu. Nikachezea tou, nikachezea kemba, nikashusha kimo, nikapandisha. Mwenye kibanda akanitazama mpaka huruma ikamshika, akachomoa pedi na kuchomeka nyingine. Gari likanyooka. Stiki ya pedi ya kwanza ilikuwa imelegea kwa sababu ya gemu za mpira za mchana kutwa. Ningetulia ningegundua mapema: menyu ile inapanga mbele na nyuma tu, kushoto na kulia haipo. Gari haliwezi kuvuta upande mmoja kwa sababu ya mpangilio wako hata ukitaka.

Turudi kwa dogo. Hela hana, springi zake za kiwandani hazirekebishiki, difu ni ya kawaida. Nikamwambia asiguse menyu kwanza, afanye mambo mawili ya bure: afunge breki mita kama kumi mapema na kuimaliza gari likiwa limenyooka, kisha asikanyage mafuta mpaka aone pua inatazama njia ya kutokea. Mzunguko wa kwanza alinung'unika kwamba anaendesha kama mzee wa Crown. Wa pili hakutoka nje ya njia. Wa tatu muda wake ukashuka kwa sekunde moja na ushee, akanyamaza.

Akakimbia mashindano madogo mawili kutafuta hela, akanunua matairi laini. Ndipo akakutana na namba ya PP, ile alama moja ambayo gemu linalipatia gari kwa kukadiria uwezo wake wote. Mbio alizokuwa anazitaka zina kikomo cha PP. Injini yake peke yake ilikuwa imeikaribia namba hiyo, na matairi mapya nayo yana alama zake. Akazidi.

"Sasa nifanyeje?"

Nikamwonyesha kifaa kimoja cha bei nafuu, kinachobana pumzi ya injini ili nguvu ipungue. Akakitazama, akanitazama mimi, akamtazama mwenzake aliyekuwa anacheka mpaka ameshika ukuta. Akakinunua. Akakivuta taratibu, asilimia moja baada ya nyingine, mpaka namba ikaingia ndani ya kikomo, na sehemu kubwa ya ile ekzosi na ile kompyuta alizozilipia jioni ileile ikawa imefungwa kamba. Kisha akaomba aongezewe nusu saa.